Kisu cha Mkono Mmoja

Siku Mama Sponji alipomwita mwanawe wa kwanza mwizi, alimwita mezani, mbele ya mkewe na mbele ya mabakuli ya chakula, ili baadaye pasitokee mtu wa kusema hakusikia.

"Kisu changu umekichukua wewe," alisema. "Kirudishe tuyamalize."

Mwanawe aliweka kijiko chini. Alikuwa mtu wa kampuni ya bima, na kazi yake ilikuwa kukadiria mambo mabaya ambayo bado hayajatokea. Yaliyokwisha kutokea yalimpa shida kidogo.

"Mama, nichukue kisu chako nikifanyie nini?"

"Unifichie nisikione. Ndivyo mnavyofanya siku hizi. Mlianza na ngazi, mkaja kwenye pasi, sasa kisu. Kesho mtanificha mimi mwenyewe."

Hapo hakuwa mbali na ukweli. Nyuma ya nyumba ya mwanawe kulikuwa na chumba kilichokwisha kupakwa rangi ya maziwa, kikawekewa kitanda chenye ukingo kama cha mtoto, na mwenye lori alikuwa amekwisha kuambiwa aje mwisho wa mwezi kuhamisha vitu. Karakana ingefungwa. "Utapumzika, mama," walimwambia. Mama Sponji alikuwa ameshalisikia neno hilo mara nyingi likisemwa juu ya watu waliokuwa wamelala ndani ya jeneza, na hakuona kama kwake lilikuwa limebadilika sana.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza makochi. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa karakana, chumba cha nyuma kilikuwa cha kulala, na kati ya vyumba hivyo kulikuwa na pazia ambalo halikumzuia mtu wala vumbi. Wateja walileta makochi yaliyozama, yaliyopasuka, yaliyokojolewa na paka. Yeye aliyachana, akayatia sponji mpya, akayavika kitambaa kipya na kuyarudisha yakiwa yamesahau maisha yao ya zamani. Jina la Mama Sponji lilitokana na sponji hizo. Aliyedhani linatokana na ulaini wake alikuwa bado hajamcheleweshea malipo.

Mwanzoni mwa mwaka alipata kiharusi. Kilikuja asubuhi akiwa anafunga kanga, kikamwangusha, kikampeleka hospitali, kisha kikaondoka kama mpangaji mbaya, baada ya kuharibu chumba kimoja tu. Mguu ulirudi. Ulimi ulirudi, na majirani wakasema umerudi na nguvu mpya. Mkono wa kulia haukurudi vizuri. Ulikuwepo, ulioshwa, ulivishwa, ulipakwa mafuta, lakini haukushika kitu kwa maana yoyote. Mama Sponji aliuita mgeni: unakaa, unatunzwa, haunyanyui hata kikombe.

Mwanawe alimletea mpira laini wa kubinya ili vidole vipate mazoezi. Mpira ule sasa ulikuwa chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba, na meza ilikuwa imepata nafuu kubwa.

Suala la kuhama lilijadiliwa mpaka likachakaa. Mwishowe mwanawe, ambaye hakuweza kulala bila masharti, alitoa sharti. "Sawa, mama. Endelea kufanya kazi. Ila tukiona kazi imeanza kuharibika, unahama, na hakuna mjadala. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana," alisema Mama Sponji, na akatoa mkono wa kushoto wapeane.

Lori halikufutwa. Mwanawe alisema ni tahadhari tu.

Na hapo ndipo kisu kilipopotea.

Watu walipenda kudhani kisu kile kilikuwa cha marehemu mumewe, kwa sababu mjane na kisu cha mume ni hadithi inayoenda vizuri na chai. Haikuwa hivyo. Marehemu alikuwa na chake, butu tangu siku ya harusi. Hiki alikinunua mwenyewe kwa malipo ya kochi lake la kwanza: kisu cha kukunja, mpini wa mti, vichwa vya shaba kila upande, bapa lililoliwa na kunolewa mpaka likawa jembamba kama jani. Kilikaa mfuko wa kulia wa aproni. Kilikata uzi, kilifungua magunia ya sponji, kilimenya machungwa, kiligawa mche wa sabuni, kiling'oa hata pini za stepla, kazi ambayo kisu chochote chenye heshima kingeikataa. Siku ya kufungua zahanati ya mtaa, mgeni rasmi alipofika mbele ya utepe ikaonekana kwamba watu wamekumbuka hotuba, maua na kipaza sauti, wakasahau mkasi. Kwenye picha ya siku hiyo mgeni rasmi anatabasamu, na pembeni unaonekana mkono wa mwanamke ukimnyooshea kisu. Mtu asiyejua habari angedhani mgeni rasmi anaporwa.

Kwa hiyo kilipokosekana, Mama Sponji alikitafuta kama mtu anavyotafuta jino lake kinywani kwa ulimi. Alipindua mifuko, alikung'uta mabaki ya vitambaa, alipekua kopo la misumari. Jirani yake wa upande wa pili wa njia, fundi viatu, mzee mwenye ndevu nyeupe na maneno mengi, alimtazama mpaka akachoka kutazama.

"Umekitafuta ndani ya kazi?" aliuliza.

"Ndani ya kazi ipi?"

"Kochi. Huenda umekishonea humo."

"Wewe mzee, gundi imekupanda kichwani. Miaka yote hii nimeshonea nini ndani ya kochi?"

"Nauliza tu, dada. Mimi mwenyewe niliwahi kushonea miwani ndani ya buti."

"Ndiyo maana viatu vyako vinaona njia kuliko wewe."

Fundi viatu alicheka, akarudi kwenye soli yake. Mama Sponji hakucheka. Swali lile lilikuwa limemchoma mahali, na alipochomwa mahali desturi yake ilikuwa kutafuta mtu mwingine wa kumlaumu. Ndiyo sababu mwanawe aliitwa mwizi mezani. Alikana, akaapa, akatoa mpaka mifuko yake nje. Mama yake aliitazama ile mifuko kama askari wa forodha.

"Sawa," alisema. "Nitanunua kingine. Na hicho utakuja kukiiba nikiwa nimekishika."

*

Duka la vifaa lilikuwa na harufu ya rangi na misumari. Mwenye duka, mwanaume wa makamo mwenye penseli nyuma ya sikio, alifungua kabati la kioo kwa ukarimu mkubwa.

"Ni zawadi ya nani, mama?"

"Yangu."

"Cha jikoni, basi."

"Cha mfukoni. Cha kutembea nacho kila siku, kuanzia kuamka mpaka kulala."

Mwenye duka alimtazama, akautazama mkono wa kulia uliotulia juu ya mkoba. Alitoa kwanza dude nene lenye mabapa mawili, msumeno, kifungua chupa, kibano na kijiti cha kuchokolea meno.

"Hiki kina kila kitu."

"Nimekuja kununua kisu. Karakana ninayo nyumbani."

Akatoa kidogo, chepesi, cha rangi ya waridi. "Hiki akina mama wanakipenda sana."

"Akina mama gani?"

"Wengi tu."

"Niitie mmoja."

Mwenye duka hakuwa na wa kumwita. Akatoa cha springi, cha kubonyeza kitufe. Mama Sponji alikishika kwa mkono wa kushoto, akabonyeza, na kisu kikaruka kama panzi, kikapita juu ya mizani na kutua ndani ya sanduku la bawaba. Wote wawili walilitazama sanduku.

"Hiki kina haraka kuliko mimi," alisema. "Kirudishe."

Cha nne kilikuwa na sura ambayo hata aliyekiunda hakujaribu kuitetea. Mpini wa plastiki nyeusi, kama mshikio wa kikaango. Bapa fupi, la kijivu, lenye ncha iliyokatwa butu, na karibu na mpini limetobolewa kitundu cha duara. Mwenye duka alimwonyesha: dole gumba unaliingiza kwenye kitundu, unasukuma, bapa linafunguka na kujifunga imara. Ukitaka kukikunja, unabonyeza mgongoni mwa mpini na kukisukumia kwenye paja. Mkono wowote ule. Mkono mmoja.

Mama Sponji alikijaribu. Kikafunguka. Akakikunja juu ya paja, akakifungua tena, akiwa anatazama dari. Kidole kilijua njia bila kuelekezwa. Alichukua kipande cha kamba kaunta akakikata, kisha akakata na pembe ya boksi la balbu, na mwenye duka akalisogeza boksi mbali kidogo.

Ndicho chenyewe. Alikijua palepale, kama mtu anavyomjua daktari atakayemwambia ukweli. Na kwa sababu hiyo hiyo alikichukia. Kukinunua kulikuwa ni kusema kwa sauti, mbele ya mtu mwenye penseli sikioni, kwamba mkono wa kulia hautarudi.

"Na kile pale?" aliuliza.

Kile pale kilikuwa na mpini wa pembe, wa rangi ya asali na mistari ya moshi, umeng'arishwa mpaka unateleza. Bapa refu, lenye mchirizi mwembamba wa kutia ukucha. Kisu cha mikono miwili. Kisu cha mtu mzima mwenye viungo vyote.

"Hicho kizuri," alikiri mwenye duka, "lakini mama, kwa hali ya..."

"Kwa hali ya nini?"

"Ya hewa," alisema mwenye duka, kwa kuwa alikuwa na mke nyumbani na alijua wakati wa kukwepa. "Pembe haipendi unyevu."

"Nifungie hicho."

*

Nyumbani alikibana kati ya magoti, kama alivyokuwa akikibana kile cha zamani tangu augue. Pembe iliyong'arishwa ikateleza na kudondoka. Akakibana tena. Kikateleza tena. Mgeni, ule mkono wa kulia, uliitwa kusaidia, ukalala juu ya kisu kama kitambaa chenye maji. Upande wa pili wa njia fundi viatu alikuwa ameacha kugonga nyundo, na ukimya wa fundi viatu ulikuwa ni maoni.

Mama Sponji akauma mpini kwa meno, akatia ukucha wa kushoto kwenye mchirizi, akavuta.

Kisu kilifunguka. Jino nalo likafunguka. Kipande chake kilidondoka juu ya kitambaa cha kijani alichokuwa akikikata, kidogo, cheupe, kimetulia kama punje ya mchele. Kisha akakifunga kwenye pindo la kanga, akakunja kisu kwa kukisukumia ukutani, akarudi dukani.

"Mama, hiki kina alama za meno," alisema mwenye duka, akikigeuzageuza kwenye mwanga.

"Ni zangu. Ukitaka nakuachia na jino."

Alifungua pindo. Mwenye duka alichungulia, akafunga macho, akakipokea kisu cha pembe na kumpa kile cheusi. Labda ilikuwa huruma. Mama Sponji aliamua kuamini kwamba ilikuwa hofu, na kwa imani hiyo alitembea nyumbani kichwa kikiwa juu.

Kile cha plastiki alikitia mfuko wa kushoto, ambao haukuwahi kubeba kitu zaidi ya kitambaa cha jasho. Alikifungua na kukifunga akisikiliza redio, akisubiri chai ichemke, akibishana na wateja. Mwanzoni kilimng'ata kidole. Akakifunga bendeji na kuendelea. Alipozoea, alikata uzi nacho bila kuangalia, alichana gunia la sponji mpaka mwisho kwa mvuto mmoja, na alimenya chungwa akilizungusha dhidi ya tumbo lake, ganda likatoka limekatikakatika lakini chungwa likaliwa. Ile ncha butu, aliyoidharau kabatini, haikutoboa sponji hata alipoteleza. Hakulisema hilo kwa mtu.

"Unawasha nini humo ndani?" alipaza sauti fundi viatu. "Kutwa nzima ta, ta, ta."

"Nawasha moto wa kukuchoma."

"Kina sura mbaya hicho kisu, dada."

"Na wewe je? Mbona tunakuvumilia?"

*

Jumapili, nyumbani kwa mwanawe, sahani yake ililetwa kama kawaida: nyama imekwisha kukatwakatwa vipande vidogo, safi, sawasawa. Mkwe wake alifanya hivyo kila Jumapili tangu kiharusi, kwa upendo, bila kuambiwa na mtu. Mama Sponji alikuwa na majibu ya kila aina ya ubaya duniani. Kwa wema wa namna hii hakuwa na jibu, na kila Jumapili alikuwa akila kimya vile vipande kama mtoto anayeachishwa ziwa.

Safari hii aliisukuma sahani katikati ya meza.

"Mwanangu, naomba nyama nzima," alimwambia mkwe.

"Mama, si utapata tabu?"

"Nataka hiyo tabu."

Mkwe alimtazama mumewe. Mumewe alitazama dari. Nyama nzima ikaja. Mkono wa kushoto ukashuka mfukoni, pakasikika ta, na kisu cheusi kikatokea juu ya kitambaa cha meza. Mwanawe alisogeza bilauri ya maji mbali kidogo. Mama Sponji aliuweka mgeni juu ya ncha ya nyama ili uizuie kwa uzito wake, akakata. Kipande cha kwanza kilitoka kama ramani ya nchi yenye mgogoro wa mpaka. Alikitia mdomoni na kukitafuna huku akimkodolea macho mwanawe.

Ushindi ungekuwa kamili kama si mkwe.

"Mama, mbona unatafuna upande mmoja?"

Mwanawe akageuka rangi. Aliinuka nusu, mkono tayari kwenye simu. "Mama, nichekee. Cheka nione. Inua mkono. Sema jina lako lote."

"Kaa chini. Si kiharusi, ni jino."

"Limefanya nini?"

"Limevunjika."

"Kwa kitu gani?"

Mama Sponji alitafakari majibu yaliyokuwepo. "Uzee," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitumia neno hilo kwa faida yake.

Kesho yake mwanawe aliomba ruhusa kazini, akampeleka kwa daktari wa meno.

*

Zahanati ya meno ilikuwa hatua chache kutoka karakana, na benchi refu la chumba cha kusubiria lilikuwa kazi ya Mama Sponji, ya hivi karibuni: ngozi bandia ya kahawia, sponji mpya ngumu, mishono iliyonyooka. Ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza baada ya kuugua, na aliifanya yote kwa mkono wa kushoto. Mwanawe hakujua. Mama Sponji alikuwa akingoja wakati mzuri wa kumwambia, akiwa amekaa juu ya benchi lenyewe kwa mfano.

Chumbani walikuwemo mwanaume aliyevimba shavu na mwanamke aliyefunga kidevu kwa mtandio. Wote wawili walikuwa wamejibana upande mmoja wa benchi, kama watu waliogombana na upande wa pili. Mama Sponji alikwenda upande uliokuwa mtupu, akakaa.

Kitu kikamchoma pajani.

Kilikuwa kirefu kama kidole cha kati, kigumu, na mwishoni kilikuwa na kichwa cha duara. Shaba. Alijisogeza kidogo kwenda mbele, akajisogeza nyuma. Shaba upande mmoja, shaba upande wa pili. Kama kungekuwa na njia ya kusalimiana na kitu kwa kukikalia, basi walisalimiana.

Aliona yote pale pale. Zamani mkono wa kulia ulikuwa ukimaliza kukata, unakirudisha kisu mfukoni wenyewe, bila kumuuliza. Mkono ulipougua, ile kazi ndogo haikurithiwa na mtu. Alikiweka juu ya sponji ya chini mara moja tu, ili avute kitambaa. Akalaza sponji ya juu. Akashona. Mishono iliyonyooka.

"Hapo pana mfupa, bibi," alisema mwanaume wa shavu kwa shida. "Njoo huku kwetu."

Mwanawe aliinua macho kutoka kwenye simu, akabonyeza benchi kwa kiganja, akaonja ule ugumu kwa utaalamu wa mtu wa bima. "Lo. Hii ni hatari kabisa. Mtu anaweza kuumia. Fundi gani huyu?"

Kulikuwa na mlango wa kutokea hapo. Ilitosha kunyamaza. Ilitosha kusema mafundi wa siku hizi hawafai, na watu wote chumbani wangekubali, maana hakuna usemi unaopata wafuasi haraka kama huo. Kisu kingebaki humo na kuwachoma wagonjwa, mwanawe angebaki mwizi, na sharti walilowekeana lingebaki halijavunjwa na mtu. Lori lisingekuja.

Mama Sponji aliinuka.

"Mimi," alisema. "Fundi ni mimi. Na huo mfupa ni kisu changu."

Mwanawe alifungua mdomo. Kwa kuwa walikuwa kwa daktari wa meno, hakuna aliyeshangaa.

"Sogea," alimwambia. Akapiga magoti kwenye sakafu, goti moja kwanza, kisha la pili baada ya mashauriano. Mkono wa kushoto ukashuka mfukoni. Ta.

Mtu hawezi kujua jino lake limepona kiasi gani mpaka aone bibi kizee akifungua kisu kwenye chumba cha kusubiria. Mwanamke wa mtandio alisimama na kusema anadhani atarudi siku nyingine. Mhudumu wa mapokezi alitoka nyuma ya meza yake mbio.

"Bibi! Huwezi kuchana benchi la daktari!"

"Nimelishona mimi, nitalichana mimi. Ukitaka kusaidia nishikie taa."

Mhudumu hakushika taa, lakini hakuondoka. Mama Sponji alikata mshono wa ubavuni, nyuzi tu, moja baada ya nyingine, ngozi haikuguswa. Akakunja kisu juu ya paja, akaingiza mkono kati ya sponji mbili mpaka kwenye kiwiko, akapapasa huku na huku, kisha akautoa. Kisu cha mti na shaba kilikuwa mkononi mwake, kimekunjwa, kimelala vizuri kuliko alivyowahi kulala yeye.

"Mama," alisema mwanawe polepole, kwa ile sauti yake ya kuwaeleza watu kwa nini hawatalipwa. "Tulikubaliana. Tulisema kazi ikianza kuharibika..."

"Shikilia hapo." Alimpa kisu cha zamani akishike. Kwenye ukosi wa gauni lake kulikuwa na sindano iliyopinda, yenye uzi, ambayo hakutembea bila hiyo. Aliuinua mgeni kwa mkono wa kushoto, akaulaza juu ya mshono uliofunguka, kingo zikashikana chini ya uzito wake. Alianza kushona. "Sasa sema."

"Nasema umeshonea kisu ndani ya kiti cha watu."

"Ndiyo. Nimekishonea. Na wewe ulimsahau mjukuu wangu shuleni mpaka mlinzi akamlisha chakula chake mwenyewe. Kweli si kweli?"

Mwanaume wa shavu alimgeukia mwanawe, akimngoja ajibu.

"Mama, ile ilikuwa mara moja."

"Na hii mara ngapi? Uliacha gari likiunguruma sokoni, ukalikuta kwa polisi. Ulikwenda kwenye harusi ya rafiki yako wiki moja baada ya harusi. Nani alikupakia chumba rangi? Nani alikuletea kitanda cha ukingo?" Alivuta uzi, akauma midomo, akachoma tena. "Ukisahau wewe, una mambo mengi. Nikisahau mimi, lori. Basi sikiliza. Kazi haijaharibika. Kazi ilikuwa na kisu ndani. Nimekitoa, naifunga, njoo ukague mshono. Kagua! Si ndiyo kazi yako?"

Mwanawe aliinama. Kwa kuwa alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, alikagua kweli, kwa kidole, kuanzia mwanzo wa mshono mpaka pale sindano ilipofikia. Kisha akabonyeza benchi kwa kiganja. Akakaa juu yake. Akajisogeza mbele, akajisogeza nyuma.

"Hakuna kitu," alisema.

"Hakuna kitu," alithibitisha mwanaume wa shavu, ambaye naye alikuwa amehamia upande huo.

Mama Sponji alikata uzi kwa kisu cheusi, ta, akakikunja. Mwanawe alimsaidia kuinuka, kisha akamnyooshea kile cha zamani.

"Chako hiki."

Alikitazama kiganjani mwa mwanawe: mti, shaba, bapa jembamba kama jani. Angeweza kukipokea. Kingekaa mfuko wa kulia, kizuri, hakifunguki, wakikaa pamoja na mgeni wakikumbushana enzi zao.

"Kaa nacho," alisema. "Hicho kinataka mikono miwili, na wewe unayo. Tena nilikwisha kukutangaza mbele ya mkeo kwamba umekichukua. Kichukue, nisionekane nilisema uongo."

Kwa watu waliomfahamu, huko kulikuwa kuomba radhi, na kwa ukarimu mkubwa. Mwanawe alimfahamu. Alikitia kisu mfukoni, akakigusa tena kwa nje kuhakikisha, kama mtu aliyepewa kitu cha moto.

Daktari aliita. Alimchoma sindano ya ganzi, akasaga, akajaza, akasema jino lina miaka mingi mbele yake kama halitatumiwa kufungulia vitu. Mama Sponji alitoka nusu ya uso ikiwa haimjui. Nje, mwanawe alimfungulia mlango wa gari, akakaa kwenye usukani bila kuwasha.

"Na lile lori, mama?" aliuliza, macho yake mbele. "Mwenyewe anataka jibu. Nimwambie asije?"

Nusu ya mdomo ilikuwa imekufa ganzi, lakini nusu iliyobaki ilikuwa imezoea kufanya kazi ya wawili.

"Aje," alisema. "Nina makochi ya kupeleka."